Masisi na Walikale: Kabla ya kudai moyo wa kazi, tumheshimu anayetupokea

Leo sileti habari ya mapigano wala ya barabara iliyokatika. Nataka tuzungumze juu ya kazi moja ambayo wengi wetu tunaiona kila siku lakini hatuihesabu kuwa kazi: kupokea watu, kuwalaza na kuwalisha.

Majuma machache yaliyopita nilikuwa nakula bukari katika restora moja ndogo huku Masisi. Mvua ilikuwa kubwa, njia imejaa matope, na watu wa pikipiki walikuwa wamejikinga ndani. Mwenye restora, ambaye nitamwita patro tu, alinitambua kwa sauti. Alivuta kiti akakaa karibu nami, akaniambia: “Mwandishi, mtusaidie kwenye redio. Vijana wa leo hawana moyo wa kazi. Unamchukua leo, kesho ameshanuna. Mteja anaita mara tatu, yeye anaangalia simu. Uwaambie kwamba mteja ni mfalme.”

Wakati anasema hayo, mteja mmoja nyuma yetu alipiga makofi, akafanya “psst” kama mtu anayeita mbwa, akasema: “We mtoto, lete maji!” Yule “mtoto” ni mama wa watoto wawili. Vita ilimtoa kijijini kwao pamoja na mama yake mzee. Alileta maji, akayaweka mezani bila neno. Patro hakumwambia mteja kitu. Na mimi, ambaye kazi yangu ni kusema, sikusema kitu. Niliendelea kula.

Nilimwahidi patro kwamba nitaongea. Leo natimiza ahadi, ila maneno yake yana upande wa pili, nao nitausema.

Kwanza tuelewane ni kazi gani. Mtu akisikia “hoteli” anafikiri juu ya nyumba za ghorofa kando ya ziwa kule Goma. Huku kwetu hoteli ni vyumba sita vya mbao na bati, beseni la maji nje, na taa ya sola inayozimika saa nne usiku. Ni malewa ya mama anayepika maharagwe, sombe na viazi kando ya soko. Ni nganda ambapo watu wanakunywa kasiksi na bia. Ni vyumba vya wageni vya parokia. Upande wa Walikale, ni zile nyumba za kulala Mubi na Njingala, zilizokua juu ya wachimbaji na wafanyabiashara wanaokwenda na kutoka Bisie. Ni akina mama waliokuwa wakipikia abiria na wabeba mizigo pale Kilambo, ambapo ndege ndogo zilikuwa zinatua kwenye barabara yenyewe.

Nani anafanya kazi hizo? Mara nyingi ni wasichana na wamama waliohama, na wavulana walioacha masomo kwa kukosa pesa ya shule. Shamba limebaki nyuma ya mstari wa vita, ng'ombe wameibiwa, duka limechomwa. Kinachobaki ni mikono. Ndiyo sababu tunasema, kwa dharau kidogo, kwamba fulani “anaosha sahani tu” au “ni serveze tu”. Hilo neno “tu” ndilo ninalopigana nalo leo.

Wazee walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu wetu waliohama hawakungoja siku ya tatu. Wengi walishika jembe siku ya kwanza, na jembe lenyewe lilikuwa sufuria ya mtu mwingine.

Ninyi mnaonisikiliza mnajua kupokea watu ni nini. Mwezi wa kwanza 2023, vita ilipofika Kitchanga, watu walikimbilia kila upande. Mwaka 2024 ikawa zamu ya Rubaya na ya Sake. Mwezi wa tatu 2025 ilifika hata Walikale-senta, na wakaaji wengi waliingia msituni. Kambi kubwa zilionekana kwenye televisheni, lakini familia nyingi sana hazikulala kambini. Zililala kwa watu. Mtu mwenye vyumba viwili alitoa kimoja. Mama mwenye sufuria ya watu watano alipikia watu kumi na wawili. Na mwezi wa pili 2025, kambi zilizozunguka Goma zilipovunjwa na watu wakaambiwa warudi makwao, wengi walikuta nyumba zimebomoka, wakapokelewa tena na jirani.

Hakuna shule iliyofundisha hayo. Mama wa Masisi anayemkaribisha mtu aliyelowa hamuulizi kwanza jina. Anamwambia “pole na njia”, anampa kiti karibu na moto, anaweka maji ya kunawa, halafu ndipo anauliza habari. Anajua kumwacha mgeni apumue. Watu wa hoteli kubwa wanalipa walimu wafundishe wafanyakazi wao jambo hilohilo.

Basi nikimsikia patro anasema vijana wetu hawana moyo wa kupokea watu, najiuliza: watoto wa hao mama wamepoteza wapi ule moyo kati ya nyumbani na restora?

Jibu nililipata kwa yule dada mwenyewe. Sikumhoji mbele ya patro. Siku nyingine nilimkuta kisimani, tukaongea. Kwanza aliniambia: “Yaya, mimi kazi hii naipenda. Napenda mtu aje amechoka, ale, aondoke amenyooka.” Nilishangaa. Sikutegemea kusikia neno “napenda”. Halafu akaniambia mengine. Anaamka saa kumi alfajiri kuwasha moto, anatoka wakati mteja wa mwisho anapotoka. Siku ya kupumzika hana. Mshahara wa mwezi mmoja unaweza kufika mwezi wa pili, nusu. Sahani ikivunjika, inakatwa kwake. Mteja akiondoka bila kulipa, inakatwa kwake. Na mtu mwenye silaha akija na wenzake wanne, wakala, wakafuta midomo na kwenda zao, patro anaogopa kuwadai, lakini jioni anamdai yeye.

Tuisikilize hiyo mara mbili. Mwenye bunduki amekula, na aliyelipa ni mama aliyekimbia bunduki.

Kuna jambo la tatu ambalo wasichana wengi wa kazi hii wanaliambia redio kila tukizima kinasa sauti: mikono ya wateja. Mtu amenunua chupa mbili, anafikiri amemnunua na aliyezileta. Msichana akikataa, anaambiwa hana “mapokezi mazuri”. Akicheka ili yaishe, mtaa unamwita malaya. Wazazi wengi wananiambia hawatakubali binti yao afanye kazi hotelini. Hawaogopi sahani wala ufagio. Wanaogopa sisi wateja.

Sasa nirudi kwa patro. Ana haki gani? Anayo haki, na nitaisema bila kuficha. Mimi nalala katika nyumba hizi mara kwa mara juu ya kazi yangu. Nimeshaingia chumbani nikakuta shuka la mtu wa jana. Nimeshauliza bei jioni, asubuhi nikadaiwa nyingine. Nimeshaona mhudumu akimpigia magoti mtu wa shirika aliyeshuka kwenye gari jeupe, halafu mama mdeplase akiingia na beseni lake anaambiwa angoje nje, eti atachafua. Kijana anayefanya hivyo amekosa, hata kama mshahara wake umechelewa. Mteja maskini hakumnyima mshahara.

Kupenda kazi hakuonekani kwenye meno wakati wa kucheka. Kunaonekana kwenye mambo madogo. Je, maji ya kuoga yapo kabla mgeni hajayaomba? Je, mlango unafungika kwa ndani, ili mwanamke anayesafiri peke yake alale? Je, umemwambia ukweli kwamba nyama imekwisha, au umemwacha angoje saa nzima? Je, asubuhi umemwambia motari na mgeni wake kwamba ile njia wanayotaka kupita haikuwa nzuri jana? Huku kwetu neno hilo la mwisho linaweza kuokoa maisha. Mhudumu wa hoteli Masisi au Walikale anajua habari za njia kuliko ofisi nyingi. Akizitumia kumlinda mgeni, anafanya kazi kubwa.

Yule dada nilimwona siku moja akifanya jambo ambalo sijalisahau. Mzee mmoja wa kike aliingia na noti ya faranga 500 iliyokunjwa mara nyingi, akaomba chai peke yake, bila mkate. Dada alifuta meza kama alivyofuta meza ya wafanyabiashara, akamwekea kiti chenye mgongo, akamwita “mama”, akamletea chai moto kabisa. Hakumpa bure, kwa sababu chai si yake ya kutoa. Alimpa heshima, ambayo ilikuwa yake. Yule mzee alikaa pale kama mtu mwenye nyumba.

Hiyo ndiyo kazi yenyewe, na aliyeifanya ni huyu huyu tunayemwita “we mtoto”.

Kuna Mjerumani mmoja, Horst Schulze, aliyeanza kazi ya hoteli akiwa na miaka 14, akiondoa sahani chafu mezani. Aliyemfundisha alikuwa mtu wa kuhudumia meza, lakini alivaa na kusimama kwa heshima mpaka wateja wenyewe walijivunia kuhudumiwa naye. Kijana Schulze aliandika shuleni kwamba sisi ni mabibi na mabwana tunaowahudumia mabibi na mabwana. Baadaye, mwaka 1983, akawa mmoja wa walioanzisha kampuni ya hoteli ya Ritz-Carlton nchini Marekani, na maneno yale yakawa msemo wa kampuni nzima.

Najua, patro wangu hana Ritz-Carlton. Ana meza saba. Lakini tazama msemo huo unasema nini. Haumwiti mteja mfalme na mhudumu mtumwa wake. Unawaweka wote wawili kwenye ngazi moja: bwana anamhudumia bwana, bibi anamhudumia bibi. Mtu aliyeheshimiwa jikoni hatapata shida kuheshimu mezani. Aliyetukanwa jikoni ataleta matusi hayo mezani ndani ya sahani, hata kama mdomo unasema karibu.

Majirani zetu wameifanya kazi hii kuwa somo. Kenya ilifungua chuo cha Utalii kule Nairobi mwaka 1975, na watu wanatoka pale na cheti cha kupika, cha kupokea wageni, cha kuongoza watalii. Hata hapa Kivu ya Kaskazini tunayo taasisi ya juu ya utalii, ISTou, mjini Goma. Hakuna anayemaliza pale akaambiwa “unaosha sahani tu”. Kazi ni ileile. Kilichotofautiana ni kwamba mmoja amepewa jina la fundi, na mwingine amepewa “psst”.

Wengine wataniambia: mwandishi, watu wanakufa, wewe unaongea juu ya hoteli? Ndiyo. Vita inaua kazi hii mara moja, na tumeshaona. Hifadhi ya Virunga, iliyoundwa mwaka 1925, ya kwanza katika Afrika, ilikuwa inaleta wageni waliolala, waliokula, waliolipa wapishi na wafagiaji wa jimbo letu. Mwezi wa tano 2018, mlinzi mmoja wa kike wa hifadhi aliuawa na wageni wawili Waingereza wakatekwa; hifadhi ikafunga mlango kwa watalii mpaka mwezi wa pili 2019. Mwezi wa tatu 2020 ikafunga tena juu ya korona. Kila mlango unapofungwa, kuna mpishi anayerudi nyumbani mikono mitupu.

Masisi ina milima ambayo kila mgeni anasimama kuipiga picha. Ina jibini linalojulikana mpaka Kinshasa. Ina maziwa ya Mokoto. Walikale ina msitu ambao watu wa mbali wangelipa kuusikia usiku. Siku njia zitakapotulia, na tunaomba zitulie, watu watakuja. Watakuta nani amesimama mlangoni? Kijana anayejiheshimu, au kijana tuliyemvunja moyo kwa miaka kumi? Na hata watalii wasipokuja, wanaopita leo ni sisi kwa sisi: muuguzi, mwalimu anayefuata mshahara wake, motari, mama anayerudi kutazama kama nyumba yake ipo. Nao wanastahili kupokelewa vizuri.

Basi, nina maneno machache kwa kila upande.

Kwa patro na mama wenye malewa: Sheria ya Kazi ya nchi yetu, ya mwezi wa kumi 2002, inaweka mwisho wa saa 45 za kazi kwa wiki, na inatambua siku ya kupumzika. Najua biashara zenu ni ndogo na kodi za njiani ni nyingi. Lakini kuna mambo yasiyohitaji pesa: kumwita mtu jina lake, kumwambia mapema kama mshahara utachelewa, kumpa nusu siku alale. Na kuna moja ambalo nawaomba mlikate leo hii: msimkate mhudumu pesa ya mtu aliyekula kwa nguvu ya silaha. Hasara hiyo ni ya nyumba. Kama hamuwezi kumdai mwenye bunduki, msimdai mama aliyemhudumia huku anatetemeka.

Kwa mashirika na ofisi zinazofanya semina: mnaagiza chakula cha watu arobaini, mnakula, mnapiga picha, na malipo ya mama aliyepika yanafika baada ya miezi. Yeye alikopa mchele na mafuta sokoni. Mlipeni siku hiyo hiyo. Hiyo nayo ni heshima.

Kwa sisi wateja: tuache makofi na “psst”. Kuna maneno ya kwetu, nayo hayagharimu faranga: dada, kaka, mama, tafadhali, asante. Na mikono yetu ibaki kwenye sahani. Sheria ya tarehe 20 mwezi wa saba 2006 juu ya unyanyasaji wa kijinsia inahesabu kusumbua mtu kingono kuwa kosa. Haikuandika kwamba ndani ya nganda ni ruhusa.

Kwa wazazi: msiwazuie binti zenu kazi halali. Nendeni mtazame mahali, muulize mwenye nyumba anafunga saa ngapi na nani anawasindikiza wasichana usiku. Mahali penye majibu mazuri, mwacheni afanye kazi.

Na kwa ninyi vijana mnaobeba sahani na kutandika vitanda: patro ana haki ya kudai usafi, ukweli na kufika kwa wakati. Mpeni hivyo. Msisubiri gari jeupe ndipo mfute meza. Yule anayekuja na noti moja iliyokunjwa ndiye anayewapima. Jifunzeni hesabu, jifunzeni Kifaransa kidogo, andikeni kila siku mlichouza na mlichodaiwa; daftari hilo litawalinda siku ya mabishano, na siku mtakapofungua malewa yenu litakuwa mali.

Juma lililopita nilirudi pale restora. Mteja mmoja, si yule wa kwanza, aliita: “We mtoto!” Safari hii nilimwambia kwa sauti ya kawaida: “Kaka, huyu ni mama wa watu. Mwite dada.” Alinitazama, akacheka kidogo, akasema: “Sawa. Dada, tuletee maji.” Hakuna aliyepigana. Patro alikuwa amesimama mlangoni wa jikoni, akasikia. Sijui ameamua nini moyoni, lakini wakati nalipa alimwambia dada kwa jina lake aende kula kwanza, wateja wangoje.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wanavyosema. Sisi wageni tumeshapona mara nyingi kwa mikono ya hao wanaotupokea. Sasa ni zamu yetu kuhakikisha na wao wanapona.

Kama nawe unafanya kazi hii, Masisi au Walikale, au unamlipa mtu anayeifanya, tuambie kwenye matangazo yetu namna mambo yalivyo kwako. Hatutataja jina lako.